Mnadhimu wa mipango jeshini: kazi yenyewe, hesabu zake na njia ya kuifikia

Vijana wengi wanaosoma uhusiano wa kimataifa hudhani mtaalamu wa mikakati ya ulinzi hushinda mbele ya ramani kubwa akisogeza mishale. Ramani ipo, na mishale ipo pia. Lakini saa nyingi za kazi hii huishia kwenye majedwali ya magari, lita za dizeli, na waraka wa kurasa mbili ambao kamanda atausoma kwa dakika kumi kisha aamue. Anayeiweza kazi hii ni yule anayeweza kumwambia mkubwa wake mapema, kwa tarakimu, kwamba jambo fulani halitawezekana kwa vifaa vilivyopo. Kusema "ndiyo afande" hakuhitaji mtaalamu.

Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kazi hii ipo chini ya unadhimu, na anayeifanya ni mnadhimu. Kamanda huamuru, mnadhimu humwandalia uamuzi, kisha huugeuza kuwa amri inayotekelezeka. Makao makuu mengi yanayofuata mfumo wa NATO, pamoja na ya misheni za Umoja wa Mataifa, hugawa wanadhimu kwa namba: 1 ni utumishi, 2 intelijensia, 3 operesheni, 4 ugavi, 5 mipango, 6 mawasiliano, 7 mafunzo, 8 fedha, 9 uhusiano na raia. Herufi inayotangulia namba huonyesha ngazi au aina ya makao makuu: J ni ya majeshi ya pamoja, U ni ya misheni ya UN. Tofauti ya 3 na 5 ndiyo inayowachanganya wageni. Watu wa 3 wanashughulika na leo, kesho na keshokutwa. Watu wa 5 wanashughulika na miezi ijayo. Makao makuu madogo yana afisa mmoja anayebeba zote mbili, na hapo mipango ya mbele hufa kwanza, kwa sababu simu ya dharura ya leo haingoji.

Njia ya kufika huko ni ndefu, na haina mkato. Unaanza kwa kamisheni, yaani kufuzu uofisa: Monduli kwa Tanzania, Lanet kwa Kenya, Kabamba kwa Uganda, Gako kwa Rwanda. Miaka ya mwanzo ni ya platuni na kombania, vikosi vidogo vilivyo chini ya batalioni na brigedi, na isionekane ni muda wa kupoteza. Aliyewahi kuhangaika na lori bovu usiku akiwa luteni hataandika baadaye kwamba "msafara utaendelea bila kusimama". Ukiwa kapteni unaonja unadhimu mdogo, kama msaidizi wa operesheni au ugavi wa batalioni. Kichujio kikubwa ni chuo cha ukamanda na unadhimu, kwa kawaida ukiwa meja: Duluti pale Arusha, Karen jijini Nairobi, Kimaka mjini Jinja, Nyakinama kule Musanze. Baadaye, ukiwa kanali au brigedia jenerali, ndipo Chuo cha Taifa cha Ulinzi, ambacho kwa Tanzania kipo Kunduchi na kilianzishwa mwaka 2012. Huko unakaa darasa moja na maofisa waandamizi wa serikali, kwa sababu ngazi hiyo haizungumzii tena batalioni bali chakula, nishati, bandari na diplomasia.

Sasa hesabu ya kwanza, ya muda. Kanuni inayofundishwa kila chuo ni ya theluthi: makao makuu yatumie theluthi moja ya muda uliopo, walio chini wapewe theluthi mbili. Kila mtu anaijua, na karibu kila mtu anaivunja. Tuseme brigedi imepokea agizo saa 12 asubuhi, na vikosi vinatakiwa kuondoka saa 12 jioni ya siku ya pili. Hizo ni saa 36. Brigedi ikitumia 12, batalioni inapata 24. Batalioni ikitumia 8, kombania inabaki na 16. Kombania ikitumia saa 5 na dakika 20, kamanda wa platuni anabaki na karibu saa 11, tena za mchana. Anaweza kwenda kuiona njia, kurudi, kuwapanga watu wake, kukagua silaha na kufanya zoezi moja.

Brigedi ikijipa saa 24 ili slaidi zipendeze, platuni inabakiwa na saa 5 na dakika 20. Hapo hakuna anayeiona njia wala anayefanya zoezi. Dawa yake inajulikana: amri ya tahadhari itoke mara moja, hata ikiwa na mistari minne tu: adui yuko wapi, jukumu linaelekea kuwa lipi, hakuna kuondoka kabla ya saa fulani, anzeni kuandaa magari na maji. Wakuu wengine huchelewa kuitoa wakiogopa kwamba mpango utabadilika. Mpango utabadilika tu, lakini magari yatakuwa yameshajazwa mafuta.

Majeshi yenye urithi wa Kiingereza hufanya makadirio kwa maswali saba. Hali ikoje na inanigusaje? Nimeagizwa nini, na kwa nini? Nataka matokeo gani, na nitoe mwelekeo upi? Kila tendo lifanyike wapi? Linahitaji nyenzo gani? Lini, na kwa mfuatano upi? Udhibiti gani unahitajika ili watu wasipigane wenyewe kwa wenyewe? Swali la pili ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Lile "kwa nini" lina maana ya kuelewa nia ya mkubwa wako na ya mkubwa wake, ngazi mbili juu. Ukiambiwa uteke kilima, nia ya juu ikiwa ni kufungua barabara, na ukakuta barabara tayari iko wazi, kilima hakina kazi tena. Asiyejua nia ataendelea kupanda.

Baada ya maswali huja njia za kutekeleza, angalau mbili, na zitofautiane kweli. Kuna ugonjwa wa kumletea kamanda njia tatu, moja nzuri na mbili za kipuuzi zilizowekwa ili ile nzuri ichaguliwe. Kamanda mzoefu huligundua hilo kwenye slaidi ya pili, na tangu hapo hana imani nawe tena. Kisha njia hizo hupimwa kwa mchezo wa vita: mmoja anacheza upande wetu, mmoja adui, mmoja anaandika. Anayecheza adui lazima awe mtu wa intelijensia mwenye roho ngumu, tena ikiwezekana asiwe chini ya yule aliyebuni mpango. Luteni hatamshinda kanali wake mezani hata kama uwanjani angemshinda.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Chukua msafara wa magari 60, umbali wa kilomita 240, kasi ya wastani kilomita 30 kwa saa. Yagawe katika makundi matatu ya magari 20, nafasi ya mita 100 kati ya gari na gari, na dakika 10 kati ya kundi na kundi. Kila kundi lina urefu wa kilomita 2, linapita sehemu moja kwa dakika 4. Makundi matatu ni dakika 12, ongeza nafasi mbili za dakika 10, unapata dakika 32. Mwendo wenyewe ni saa 8. Mapumziko ya dakika 20 kila baada ya saa mbili ni matatu, yaani saa 1. Jumla ni saa 9 na dakika 32. Ukiondoka saa 12 asubuhi, gari la mwisho linaingia saa 9 na dakika 32 alasiri. Kuna mwanga wa kutosha kuchimba mahandaki na kupanga ulinzi.

Mvua inyeshe, kasi ishuke hadi kilomita 20. Mwendo unakuwa saa 12, mapumziko matano ni saa 1 na dakika 40, na msafara unapita kwa dakika 38. Gari la mwisho linaingia saa 2 na dakika 18 usiku, mahali pageni, gizani, madereva wamechoka. Kasi imepungua kwa theluthi moja tu, na tayari tuko kwenye operesheni tofauti kabisa. Ndiyo maana mnadhimu hupiga hesabu ile ile mara mbili, ya kiangazi na ya tope, kisha humwonyesha kamanda zote mbili.

Huo si mfano wa darasani tu. Kenya iliingia Somalia katikati ya Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, na Oktoba ndio mwanzo wa mvua za vuli upande ule. Magari yalikwama kwenye udongo wa mfinyanzi katika njia ya kuelekea Afmadow. Mji huo ulichukuliwa Mei 31, 2012, zaidi ya miezi saba baadaye. Kismayo ilichukuliwa Septemba 28, 2012, na safari hii wanajeshi walishuka pia kutoka baharini. Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, zikiwemo za kisiasa na za kuunganisha kikosi na AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, hivyo si haki kuitupia mvua lawama yote. Lakini kalenda ya mvua hujulikana mwaka mzima kabla. Serikali inapoamua kuingia vitani Oktoba, kazi ya mnadhimu ni kuweka mezani bei ya Oktoba, si kubishana na uamuzi.

Tanzania nayo ina somo lake. Mwaka 1978 eneo la kaskazini ya mto Kagera lilitegemea daraja la Kyaka. Novemba 3, 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja, na ili kuwafukuza wavamizi ilibidi wahandisi waweke madaraja ya muda mtoni. Kila mpango wa ulinzi wa mpaka unapaswa kuwa na orodha ya vitu vya aina hii: daraja moja, kivuko kimoja, mnara mmoja wa mawasiliano, bohari moja ya mafuta. Pembeni ya kila kimoja paandikwe: kikiharibika, nani anakuja kukirudisha, anatoka wapi, anachukua siku ngapi. Nafasi iliyo tupu kwenye jedwali hilo ina thamani kuliko kurasa ishirini za uchambuzi wa tishio.

Tukija kwenye misheni za UN, hesabu inayotawala yote ni ya majeruhi. Kipimo kinaitwa 10-1-2: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, matibabu ya kuokoa maisha ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Inaonekana ni kazi ya madaktari, kumbe ndiyo inayoamua kambi zikae wapi. Tuseme kuna kituo kilomita 120 kutoka hospitali yenye upasuaji. Helikopta inahitaji dakika 15 kuwa tayari na inaruka kilomita 220 kwa saa, yaani dakika 33 kwenda. Tabibu anamfikia majeruhi dakika ya 48. Dakika 10 za kupakia, 33 za kurudi, jumla dakika 91. Kipimo kimetimia. Sasa iondoe helikopta usiku, kwa kuwa rubani hana ruhusa au uwanja hauna taa. Kwa barabara, kwa kilomita 30 kwa saa, ni saa 4. Kwa hiyo kituo hicho ama kipate timu ya upasuaji, ama doria zake za usiku zisimame, ama mkuu wa kikosi atie saini kwamba ameikubali hatari hiyo. Hakuna njia ya nne, na mnadhimu asiyeandika hilo amewaachia askari walipe deni lake.

Mfano mzuri wa kusoma agizo ni Brigedi ya Uingiliaji ya MONUSCO, misheni ya UN nchini Kongo. Waasi wa M23 waliingia mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 20, 2012. Azimio 2098 la Baraza la Usalama la UN, la Machi 28, 2013, liliunda brigedi ya batalioni tatu za miguu, moja ya mizinga, na kombania moja ya kikosi maalumu na upelelezi, makao makuu Goma. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Mnadhimu anayeanza hukimbilia idadi ya silaha. Aliyepikwa vizuri hukaa na vitenzi kwanza. Vikosi vingine viliagizwa kulinda raia. Hiki kiliagizwa kuvunja nguvu za makundi yenye silaha, peke yake au pamoja na jeshi la Kongo. Kile "pamoja" kina masharti: UN haiwezi kusaidia kikosi cha jeshi la nchi ambacho kuna sababu za msingi za kuamini kinaweza kukiuka vibaya haki za binadamu. Kwa hiyo kabla ya kuchora mshale mmoja wa operesheni ya pamoja, kuna kuchunguza rekodi za vikosi na makamanda wa upande wa pili. Mpango ukifika mezani bila uchunguzi huo, washauri wa sheria wataurudisha, na wiki zitakuwa zimepotea. M23 walitangaza kuacha mapigano Novemba 5, 2013.

Misheni za UN zina upande mwingine usiopendwa kuzungumzwa, wa mkataba wa vifaa. Nchi inayotoa kikosi inaweza kuleta vifaa na kuvitunza yenyewe, au kuvileta huku matengenezo yakifanywa na wengine. Viwango vya malipo ni tofauti. Vifaa hukaguliwa vinapofika na kisha mara kwa mara. Kisichofanya kazi hakilipiwi. Kwa askari, kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa mtu kwa mwezi, kinacholipwa kwa serikali yake. Nchi inayopeleka magari mazuri bila vipuri vya kutosha hujikuta inapoteza malipo huku magari yamepangwa uwanjani kama maonyesho. Kosa hilo hufanywa kwenye meza ya mipango, miezi mingi kabla ya meli kuondoka, pale mtu anapokata mstari wa vipuri ili bajeti ionekane nyepesi.

Ngazi ya juu kabisa, ya mkakati wenyewe, inafuata mantiki ile ile. Mwaka 1989 Arthur Lykke wa chuo cha vita cha jeshi la nchi kavu la Marekani alieleza mkakati kama kigoda cha miguu mitatu: malengo, njia na nyenzo. Mguu mmoja ukiwa mfupi, kigoda kinainama, na kiasi cha kuinama ndicho hatari unayoibeba. Katika nyaraka nyingi za ulinzi mguu mfupi ni wa nyenzo. Malengo yanaandikwa na wanasiasa na hayana bei. Nyenzo zinatoka hazina.

Kwa hiyo ukifika huko, unakuwa mtu wa kalenda ya fedha. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote huanza mwaka wa fedha Julai 1. Kwa Kenya, sheria inataka makadirio ya bajeti yafike bungeni kufikia Aprili 30. Anayeleta pendekezo la kununua kitu Aprili amechelewa kwa mwaka mzima. Meza zinazokata na kugawa zimeshakaa. Na pendekezo lisiwe na bei ya kununulia peke yake. Magari ya deraya 20 yanahitaji madereva na wapigaji waliofunzwa (zaidi ya wale wa magari 20, kwa sababu watu huenda likizo na kozi), mabanda, matairi, mafuta ya mazoezi, risasi za mazoezi, mafundi, vifaa vya kupima hitilafu, na lori la kubebea gari lililoharibika. Uliza pia madaraja ya njia za huko yatakakokwenda yanabeba tani ngapi. Gari la tani 20 katika mkoa wenye madaraja ya tani 10 litabaki kuwa gari la gwaride.

Kuna tawi moja la fani hii linalofanya kinyume na mengine yote, nalo ni tathmini linganishi. Andrew Marshall aliongoza ofisi ya aina hiyo Pentagon kuanzia 1973 hadi 2015, akastaafu akiwa na miaka 93. Ofisi yake ililinganisha pande mbili kwa muda mrefu: nani ana udhaifu gani, mwelekeo unakwenda wapi, kila upande unalipa gharama gani kushindana. Ilieleza ugonjwa, haikuandika dawa. Kwetu ofisi za kukaa miaka kumi juu ya swali moja ni adimu, kwa sababu maofisa huhamishwa kila baada ya miaka michache, na anayehama huondoka na kumbukumbu yake kichwani. Tiba rahisi ni faili la dhana: kila jambo ambalo mpango umelichukulia kuwa kweli bila uthibitisho liandikwe, pamoja na tarehe, aliyeliweka, na dalili itakayoonyesha kwamba si kweli tena. "Jirani ataturuhusu kupita" ni dhana. Ikivunjika, mpango wote ufunguliwe upya siku hiyo hiyo.

Kuhusu uandishi: amri ya operesheni ina sehemu tano, yaani hali, jukumu, utekelezaji, utawala na ugavi, ukamanda na mawasiliano. Jukumu ni sentensi moja yenye nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Ikizidi sentensi moja, kuna majukumu mawili na hamjakubaliana lipi la kwanza. Jihadhari na vitenzi laini. "Kuimarisha", "kuboresha" na "kuhakikisha" havipimiki. "Kuzuia magari yasivuke daraja hadi saa 12 jioni" kunapimika.

Raia nao wana nafasi, ingawa ni chache: wizara ya ulinzi, makao makuu ya Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki pale Karen, Umoja wa Afrika, na ofisi za mipango za misheni za UN. Shahada ya mikakati peke yake haitoshi. Wanaopata nafasi mara nyingi wana ujuzi mwingine wa kushikika, kama ramani za kompyuta, uchumi wa bajeti, ugavi au sheria ya vita, pamoja na lugha. Kifaransa kinafungua Kongo na Afrika ya Kati, Kireno kinafungua Msumbiji. Kozi ya Chuo cha Taifa cha Ulinzi nayo ipo kwa maofisa waandamizi wa serikali, ila jina hupelekwa na taasisi, si wewe kujaza fomu mtandaoni. Kwa hiyo anza na mkuu wako wa idara ya mipango, na mpelekee kwanza kazi moja iliyokamilika: kurasa mbili, jedwali moja, dhana zake zimeorodheshwa chini.